Anayeonja Ndiga Kwanza

Asalaam aleikum, kina mama wa kikundi. Mmetaka niseme tulivyouvuka ule ukame. Haya, ila nitaanza na wivu, maana ulinitesa kuliko njaa.

Mimi mtoto wa Salale, kwetu samaki na kamba. Nimeolewa huku Mtunda, bi mkubwa. Mwaka ule mvua ziligoma, mpunga ukakaukia shambani, mume wetu akakimbilia Dar kuuza mitumba. Tukabaki wake wawili na watoto, ghala tupu.

Mwenzangu ni mwenyeji wa vilimani. Akaingia porini kuchimba ndiga. Mnazijua, viazi pori vyenye sumu: humenywa, hukatwakatwa, huloekwa siku kadhaa, na maji hubadilishwa kila siku. Mimi sizijui! Nikawa mgeni jikoni mwangu. Watoto niliowazaa mwenyewe wakawa wanamfuata yeye: "Mama mdogo, zimeiva?" Roho iliniuma, wallahi.

Kilichonimaliza ni hiki: zikiiva, anakula yeye kwanza. Anajikalia tu, watoto wanameza mate, baadaye sana ndiyo anagawa. Nikasema moyoni, uchoyo gani huu?

Siku moja uzalendo ukanishinda. Nikapeleka mkono chunguni.

"Leo naanza mimi!"

Akanishika. "Hapana, dada. Kisima kimekauka, hizi sikuziosha vya kutosha. Ngoja kwanza."

Akala. Mimi nimenuna pembeni, namtazama kila tonge. Mara macho yakamlegea, akaanguka, akatapika mpaka nikapiga ukunga. Ndugu zangu, nawaambia, ndipo nilipoelewa. Siku zote zile alikuwa akiijaribu sumu kabla ya wanangu. Nikakimwaga chungu, nikambeba mgongoni hadi zahanati.

Alhamdulillahi, alipona. Baadaye lori la msaada likaleta mahindi ya njano, tukayapika pamoja na majirani, huyu kaleta kuni, yule kaleta maji.

Nawashukuru wa lori, wa zahanati, na nyie mliokaa na watoto. Zaidi namshukuru huyo anayecheka hapo nyuma, jina simtaji. Kabla hujamwita mwenzio mchoyo, muulize kwa nini ametangulia kula.

Wivu haujaisha, nisiwadanganye. Watoto mpaka leo humkimbilia yeye. Lakini kuloweka ndiga amenifundisha, na baada ya ugomvi mkubwa tumekubaliana: akipika yeye, naonja mimi.