Marehemu Baba Yetu, Msomaji wa Vitabu vya Ukimya

Baba yetu, ambaye majirani mlimwita Mzee Shii, alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, mtoto wa nane kati ya kumi na mmoja, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya mabati. Bibi alitusimulia kwamba alizaliwa nyundo zikigonga, na hakulia mpaka mafundi walipokwenda kula.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1961 na kumaliza la saba mwaka 1967. Alikuwa wa kwanza kwa kusoma na wa mwisho kwa kuimba, na hilo la pili alilitaja kwa majivuno. Hakuendelea na masomo, kwa sababu familia iliamua kumsomesha kaka yake. Hakuwahi kulalamika, ila hakusahau.

Tarehe 2 Juni 1975 aliajiriwa katika kiwanda cha kusaga nafaka, akawa mwendesha mashine kwa miaka thelathini na mitatu. Mle ndani watu huongea kwa ishara, na hata akirudi nyumbani alikuwa akitikisa kichwa kama mtu mwenye maji masikioni. Mwaka 1988 meneja aliyestaafu aliacha sanduku la vitabu. Wenzake waligombania sanduku, yeye akachukua vitabu. Cha kwanza kilimhusu mtu aliyekaa mwaka mzima peke yake kwenye kibanda mlimani, akisikiliza upepo. Tangu hapo hakutaka kusoma kingine ila habari za watu waliojitenga, wawe jangwani, kisiwani au msituni, wakaandika utamu wa kukaa kimya.

Msituni kwenyewe alikwenda mara moja tu. Tulimpeleka alipostaafu, tukamwacha chini ya mti na kitabu chake tukidhani tumempa zawadi ya maisha. Baada ya dakika ishirini alitufuata kwenye gari. Siafu walikuwa wamemng'ata, na nyenje, alisema, wanapiga kelele kuliko kiwanda. Aliomba arudishwe nyumbani akasome.

Ndoa alifunga tarehe 8 Desemba 1979, na mama yetu, mshonaji. Wakati huo hakuwa na kitabu hata kimoja, na Mama anasema miaka ile tisa ya mwanzo hakuna aliyemshinda kwa hadithi. Vitabu vilipokuja, cherehani ilihamishiwa barazani, na stoo ikawa chumba cha kusomea. Taulo la kijani likiwa kwenye kitasa, hakuna kubisha hodi. Matokeo ya mitihani tuliyapitisha chini ya mlango, nayo yakarudi kwa njia hiyo hiyo yakiwa na alama ya vema. Mama alizoea kuwaambia wateja wake kwamba aliolewa na mlango. Walicheka, naye akacheka nao.

Jumanne tarehe 6 Mei 2025 taulo lilikuwa kwenye kitasa tangu asubuhi. Mama aliweka chai mlangoni, akaikuta imepoa, akaweka nyingine. Hakubisha. Mdogo wangu alipita mchana kumsalimia, akaona taulo, akaondoka. Jioni ndipo Mama alipofungua, akamkuta sakafuni, upande wake wa kulia umekufa ganzi. Ilikuwa kiharusi. Daktari hakutulaumu. Aliuliza tu alianguka saa ngapi, na hakuna aliyejua. Mama ameruhusu haya yasomwe, kwa kuwa amechoka kuulizwa.

Alilazwa siku kumi na mbili. Herufi hazikumtulia tena machoni, hivyo mimi, binti yake wa kwanza, nilimpelekea kitabu chake cha mtu wa kisiwani nimsomee. Hiyo ilikuwa siku ya tisa. Sikufika mwisho wa ukurasa.

"Acha huyo," alisema, ulimi ukiwa mzito. "Wewe. Nipe habari zako."

Nina miaka arobaini na minne. Ni mwalimu, nina watoto wawili, na mwaka juzi nilifanyiwa upasuaji ambao yeye hakuambiwa, tusije tukamsumbua. Nilikuwa na mengi, na sikujua pa kuanzia. Nikamwambia mvua imenyesha.

"Enhe?" alisema, akasubiri.

Nikamwambia njia ina matope. Akasubiri tena, ananitazama mdomoni. Niliona aibu, nikafungua kitabu nikaendelea kusoma, naye akageukia ukutani.

Kesho yake nilikwenda na maneno niliyoyapanga njia nzima: upasuaji, watoto, mwanafunzi wangu mmoja mtundu ambaye angemchekesha. Nilikuta amepoteza fahamu. Niliyasema hivyo hivyo, yote, kwa sauti, mpaka muuguzi akaniletea kiti. Hayakumfikia. Baba alifariki Jumapili tarehe 18 Mei, saa tatu na dakika arobaini asubuhi.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na dada mmoja. Wajukuu wanamjua kwa sura na kwa kikohozi chake nyuma ya mlango, na sisi wazazi wao hatuna mengi ya kuwaongezea.

Mungu ampumzishe, na asimweke peke yake.