Tamsin Ametoroka Tena

Benchi la nje ya duka la donati, hapa kwetu Saskachewani, Kanada, halikaliwi na wenye haraka. Asubuhi ile alikuwepo Trakta, mkulima mstaafu ambaye mdomo wake bado unalima. Redio, asiyepitwa na habari. Na Bibi Verna, kamshika mkono mjukuu wake Tamsin, wa miaka minne. Kesho walikuwa na miadi kwa daktari wa watoto, na Bibi Verna alikuwa akiwaza atakachomweleza. Mtoto ana usonji, au ni ile hali ya kushindwa kutulia?

— Hatulii huyu, Trakta akaamua. Kila siku anakutoroka, mbio kama ndama aliyefunguliwa. Haraka haraka haina baraka!

— Mwenye usonji hakutazami usoni, Redio akasema. Nimesikia mwenyewe.

— Mke wangu hajanitazama usoni tangu tuoane. Naye anao?

— Yule macho yake mazima, ndiyo maana.

Bibi Verna alicheka, kisha akaweka kahawa chini.

— Nikimwita haitiki, jamani. Na masikio yalipimwa, hayana neno.

— Sukari hiyo! Trakta akasema. Damu nzito kuliko maji, na kinachoitia uzito ni hizi donati.

— Wee! Redio akapinga. Alizaliwa siku ya tufani ya theluji, taa za hospitali zikazimika. Asiyekuwepo na lake halipo!

— Sasa nani hakuwepo? Mtoto au umeme?

Mkono ukachomoka. Tamsin huyoo! Trakta akanyanyuka kumdaka, kama kawaida. Mwanamke mmoja mgeni, aliyekaa pembeni akingoja tairi la gari lake lizibwe, akauliza:

— Samahani mama, huwa anakimbilia wapi?

Trakta alikuwa ameshaanza kumkimbilia mtoto.

— Sijui, Bibi Verna akasema taratibu. Huwa tunamdaka hapo kwenye kona. Trakta, mwache!

Akamfuata kwa magoti yake mabovu, karibu kiasi cha kumshika koti. Tamsin akampita mbwa, akapita dirisha la wanasesere, akapita watoto wakipuliza mapovu ya sabuni, shingo haikugeuka. Mbele ya posta akasimama, akabandika sikio kwenye mlingoti wa bendera. Juu kamba iligonga chuma, ting, ting. Mtoto akatulia tuli.

Bibi Verna akainama, akabandika lake upande wa pili.

Trakta akafika akihema.

— Haya, ni usonji au ni kutotulia?

— Hiyo kazi ya daktari. Mimi nitamweleza nilichokiona. Sasa nyamaza, tunasikiliza.