Msitu Uliofagiwa: Maisha ya Marehemu Abbasi bin Mfaume

Mzee wetu Abbasi alizaliwa Isevya, Tabora mjini, tarehe 9 Machi 1924, mtoto wa pili wa seremala Mfaume Lukumani na Bi. Batuli. Baba alitaka arithi randa. Yeye alipenda mti uliosimama.

Alisoma madrasa na shule papa hapa Tabora, na mwaka 1945 akaenda chuo cha misitu, Olmotonyi, kwenye baridi ya Arusha. Alirudi na cheti na sweta, na sweta hilo alilivaa hata Oktoba, watu wakacheka mpaka wakachoka. Mwaka 1947 akaajiriwa Idara ya Misitu.

Tarehe 14 Agosti 1953 alimwoa Bi. Maua, binti wa mrina asali wa Sikonge. Bi. Maua husema yeye ni mke mdogo. Mke mkubwa ni pori.

Mwaka 1973 iliundwa kamati ya kuchagua maeneo machache ya mfano nchi nzima, yapimwe miaka na miaka, ijulikane mimea, mvua na udongo vinabadilikaje. Milima, mbuga na pwani vilipita upesi. Miombo, misitu yetu ya huku Tabora, ikaambiwa ni pori tu. Marehemu ilimuuma sana. Aliwaambia wanakamati, “Sisi wa magharibi tunaishi humo. Isipopimwa leo, ikija kuharibika nani atajua ilikuwaje?” Wakakubali kuja kuiona, mara moja tu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone! Wanakijiji upande wa Sikonge waliposikia ugeni, waliufagia msitu. Majani yalichomwa, vichaka vikafyekwa, mashina yakapakwa chokaa. Mwenyekiti wao, Mzee Jilala, alipokea wageni kwa bashasha: “Karibuni, ndugu zetu! Chini hamtaona hata kijiti.”

Marehemu alishika kichwa. Msitu ule haukuwa tena mfano wa kitu chochote. Lakini hakumvunjia mtu heshima. Alishukuru, akala asali, ndipo akasema, “Mzee wangu, sebule tumeiona, imependeza. Sasa tupeleke jikoni.”

“Huko aibu, Bwana Miti. Tunakata kuni, tunatundika mizinga, na moto hupita.”

“Huko huko. Twende.”

Walifika penye visiki vinavyochipua na nyuki juu. Mkuu wa kamati akauliza, “Hapa ndipo penu pazuri?”

“Hapana,” alijibu marehemu. “Hivi ndivyo tulivyo.”

Miombo ikachaguliwa. Kiwanja kilichotengwa hapo alikipima kila mwaka hadi alipostaafu mwaka 1979, na hata baada ya hapo alikuwa akiwafuata vijana kwa baiskeli kuwasumbua.

Mwaka huu shinikizo la damu lilimlaza hospitali ya Kitete. Wiki iliyopita vijana wa Misitu walimwendea wodini, wakamwambia kiwanja cha mwaka huu wamekwisha kukipima bila yeye. Alicheka, kisha akalia.

“Kumbe hamnihitaji tena,” akasema. “Alhamdulillahi.”

Alifariki jana asubuhi, tarehe 2 Novemba 1983. Ameacha mjane, Bi. Maua, watoto Lukumani, Saleha, Sikuzani na Thabit, na wajukuu saba. Tunamshukuru Mola aliyetuazima mtu huyu. Ampokee, ampe amani. Kazi ameimaliza.