Darka Lavallee na Sauti za Watu Sitini na Watatu

Waombolezaji wenzetu, mlioketi na mliosimama kule nyuma karibu na mlango, familia imeniomba mimi, Bohdan, mdogo wa marehemu, niwasomee maisha ya dada yangu, nami nimeyaandika jinsi yalivyokuwa, bila kuyapaka sukari.

Darka alizaliwa tarehe 9 Novemba 1968 katika hospitali ya Vegreville, Alberta, akiwa mtoto wa kwanza wa Petro na Stefania Woloshyn, wakulima wa ngano. Alisoma hapo hapo Vegreville hadi Juni 1986, na walimu wake walimkumbuka kwa ugomvi mmoja tu, siku alipomkung'uta mvulana kwa kopo la chakula kwa kuniita mimi, niliyekuwa na kigugumizi, "Trekta la Januari", yaani linalokohoa kwa baridi bila kuwaka. Mama alipomuuliza kama anajuta, alijibu, "Najuta kopo limebonyea."

Septemba mwaka huo alijiunga na chuo kikuu mjini Edmonton, akahitimu shahada ya uzamili ya tiba ya matamshi Juni 1993, akaajiriwa katika hospitali moja ya mji huo, kazi yake ikiwa kuwafundisha upya kuzungumza watu walioangushwa na kiharusi na maradhi ya neva. Tarehe 22 Juni 1996 alifunga ndoa na Clayton Lavallee, fundi wa kuchomelea mabomba, wakajaliwa watoto wawili, Lesia mwaka 1998 na Dominik mwaka 2001.

Mwaka 2015, yeye na Farzaneh Tavakoli, mhandisi wa kompyuta, pamoja na watafiti wengine wanane wa Edmonton, Halifax na Minneapolis, walianza kutengeneza akili mnemba ya kusikiliza maneno ya mgonjwa mwenye ulimi mzito, maneno ambayo hata mkewe hayatambui tena, na kuyaandika kwenye kioo cha kompyuta ndogo isiyohitaji mtandao, kwa sababu, alisema Darka, mgonjwa wa kaskazini asiye na fedha za intaneti naye ana ya kusema. Walirekodi wagonjwa sitini na watatu, na jikoni kwa kila mgonjwa alikoketi, Darka alitoa ahadi ile ile, "Sauti yako haitauzwa, na tukitaka kuitumia kwa jambo jingine, nitarudi hapa kukuuliza." Farzaneh alitaka mashine ikisie pale inapokwama, Darka akamkatalia, "Mtu ameomba dawa ya maumivu, mashine imekisia juisi, utamwambia nini? Isipojua, iseme haijui." Ikaundwa hivyo.

Siku ya Pasaka yetu ya kalenda ya kale ya kanisa, tarehe 2 Mei 2021, mezani mbele yetu sote, alishindwa kutamka salamu ya sikukuu, ulimi ukateleza mara mbili, akaweka uma chini, akajua kabla ya daktari yeyote. Tarehe 19 Agosti madaktari walithibitisha kwamba neva zinazoendesha misuli yake zilikuwa zinakufa, na kwamba hakuna dawa.

Fedha za utafiti zilikwisha Machi 2022, mashine ikiwa bado inapata maneno manne tu kati ya kumi. Septemba ilikuja kampuni moja, ikaahidi kuimaliza kazi kwa miezi sita na kumpa Darka mashine ya kwanza, mradi ipewe rekodi zote bila masharti. Kufikia hapo wagonjwa arobaini na mmoja walikuwa wamefariki. Watafiti tisa walikubali, lakini mtunza rekodi alikuwa Darka, na bila saini yake hakuna kilichowezekana. Farzaneh alipiga magoti kando ya kiti chake cha magurudumu, akasema, "Darka, dada yangu, wale wamekufa, hawaumii tena. Wewe uko hai." Clayton, ambaye kwa miaka ishirini na sita hatukuwahi kumsikia akipaza sauti, alipiga meza, "Saini, mke wangu, nakusihi! Wanao wanataka kukusikia!" Darka alikwishaanza kuzungumza kwa kutazama ubao wa herufi, Lesia akimsomea herufi moja moja, na jibu lake lilichukua karibu dakika kumi, "Walio hai nimewauliza, kumi na tisa wamekubali. Wafu niliwaahidi mimi." Clayton akasema, basi tuwaulize wajane. Darka akatazama tena ubao, polepole, "Sauti si urithi."

Tarehe 14 Oktoba kampuni iliondoka, watafiti wakatawanyika, Clayton akalala karakanani wiki tatu, na hatutajifanya hapa kwamba jambo hilo lilipona. Farzaneh peke yake alibaki, kila Jumamosi, akiifundisha mashine kwa sauti zile kumi na tisa na kidogo alichojirekodi Darka mwenyewe.

Februari mwaka huu, 2024, homa ya mapafu ilimlaza hospitalini, macho yakashindwa kutulia kwenye herufi, akabakiwa na mlio wa kooni tu. Jumatano tarehe 6 Machi, saa tatu asubuhi, alimtazama Lesia akaanza kusema jambo, mlio ule ule, akiurudia, na mashine iliyokuwa kifuani pake ikaandika, Sijui. Akarudia, nayo ikaandika, Sijui. Mara nne. Lesia aliishika akaitikisa, akilia, "Kisia basi! Kosea! Sema chochote!" Darka alifariki saa nne na dakika arobaini. Mnaotuuliza maneno yake ya mwisho, Lesia ametaka mjue kwamba hatuyajui, wala hatutayajua.

Jana jioni, kwenye sala ya marehemu, Bi Ingrid Halvorson wa Camrose, mjane wa mmoja wa wale arobaini na mmoja, alimshika Clayton mkono akasema, "Mume wangu angekubali siku ile ile. Mbona hamkuniuliza?"

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomgeuza kitandani kila baada ya saa mbili bila kunung'unika, majirani waliotuondolea theluji mlangoni na kutuletea kabichi za kuviringishiwa wali tusizoweza kuzila, akina mama wa kanisa, wafanyakazi wenzake wa hospitali, na Farzaneh, aliyeketi leo benchi moja na familia.

Lala, dada. Amani tuliyoshindwa kukupa sisi, Mungu akupe.