Njo ao Njoo

Kwenye njia ya kushukia bandarini Kalemie kuna ubao umelazwa juu ya mapipa mawili, na wanaume wanaukalia tangu kulipokucha kana kwamba walizaliwa nao. Kahawa wanayokunywa ni ya Mama Émérence. Asubuhi ile boti ya Zongwe ilimletea kikapu cha ndagala, dagaa wa ziwani, na ndani yake karatasi kutoka kwa binti yake Florentine, mwenye mimba ya kwanza, mwezi wa nane. Maneno matatu tu: *Mama njo Florentine*. Boti ilikuwa inarudi Zongwe saa nne. Nyingine, mpaka juma lijalo. Émérence hakukanyaga shule, basi akawapa wenye midomo wamsomee.

— Sitwayene, iko wazi, akasema Diksionere, karani wa zamani ambaye kilichombakia cha ukarani ni miwani na kumwita kila mama “sitwayene”, raia. “Njo Florentine.” “Njo” ni kusema “ndiye”: ni yeye. Anajitambulisha.

— Kujitambulisha kwangu? Nilimuzaa bila kumuona?

— Amesahau o moja, akasema Kapteni, aliyevuka ziwa mara moja, mpaka Kigoma, akitapika njia nzima. Kule “njoo” ni kusema kuja. Anakuita. Hata methali inasema: mugeni njoo, mwenyeji apone.

— Mama muzazi njo mugeni? Na o moja ni kitu gani! akafoka Diksionere.

Papa Freni, wa reli, akatua kikombe.

— Kitu kidogo njo kinapindua dunia. Treni ilisimama Nyunzu juu ya kuku mumoja. Bibi-arusi akachelewa kufika Kabalo, bwana akaoa dada yake. Leo ukoo muzima uko na meno ya kutokeza ya yule dada. Mwenda pole hajikwai!

— Ile ni mchezo, akasema Kapteni. Vita ya Wabelgiji na Wajerumani hapa ziwani ilianza juu ya kofia. Upepo uliipeleka ng'ambo, wale wakakataa kuirudisha.

— Nani alikuambia?

— Mwenye kofia.

Diksionere hakutaka kushindwa na kofia.

— Hata Eva! Mungu alisema “usile”, yeye akasikia “ule”. “Si” moja tu, na leo wote tunakufa.

— Basi unakubali kama hata o moja ni kitu, akasema Émérence.

Diksionere akanywa kahawa isiyokuwemo kikombeni. Kule chini walikuwa wanapakia magunia ya mwisho.

Ndipo akapita Claire, muuza mihogo, aliyeshuka na sinia kichwani. Akaomba karatasi, akaisoma amesimama.

— Salamu iko wapi?

— Salamu gani? akauliza Diksionere.

— Mutoto anaandikia mama yake, hata “jambo” hakuna? Hata “habari ya huko”? Anayeruka salamu njo hana muda.

Pwani hii, hata anayekuja kuomba chumvi anaanza kwa kuuliza hali ya watu wote wa nyumba, na mbuzi juu yake. Diksionere akaigeuza karatasi. Nyuma kulikuwa na magamba ya samaki. Freni akatazama miguu yake.

Émérence akainua birika, akamwaga yote juu ya makaa.

— Eh, Mama! Sijamaliza!

— Maliza kwa mwingine.

Akafunga kitenge vizuri, akateremka. Alisimama mara moja tu, dukani, akanunua wembe mpya na uzi wa kufungia kitovu, kisha akapanda botini.