Mzee Sostenes na Chumba cha Bibi Limi

Ndugu zangu wa karakana zetu zote, Tumsifu Yesu Kristo, na wenzetu Waislamu, asalaam aleikum. Hamjambo huko Kahama na Mwadui? Watoto wazima? Wale waliokuwa na homa wamepata nafuu? Sisi hapa Ngokolo tunamshukuru Mungu. Vumbi la kiangazi limetukausha midomo, lakini tupo.

Tarehe 30 Juni mwaka huu, 2025, fundi wetu mkuu wa viyoyozi, Mzee Sostenes Mageni, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kazi. Mimi Theopista, mtunza stoo, ndiye niliyeombwa niandike habari zake. Shule yangu ni ndogo, mtanivumilia.

Mzee Sostenes ni mtu wa Ushirombo. Aliajiriwa hapa mwaka 1994 akiwa kijana mwembamba, kazi yake kusafisha mafriji ya mabucha. Leo hii ukiona nyumba kubwa Shinyanga yenye ubaridi unaogawanywa kwa kanda, yaani kila upande na kidhibiti chake ukutani, sebule ipoe na chumba cha mtoto kibaki na joto lake, jua mkono wake umepita hapo. Ndani ya yale mabomba ya hewa kuna vilango vinavyojifunga na kujifungua. Mafundi huviita dampa. Mzee hudai dampa ni kama mlinzi wa getini: asipolala, nyumba nzima inalala.

Kishapu kuna mama alipiga simu akilalamika kwamba sebule yake haipoi. Mzee akaenda, akakuta kile kidhibiti kimevishwa kitambaa cha kufuma, kile cha kufunikia redio, ili kisishike vumbi. Kimefunikwa gubigubi, kitajuaje kama kuna joto? Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini hakukitupa kile kitambaa. Alikihamishia kwenye televisheni, na yule mama akamfungia kuku.

Ana desturi moja ambayo vijana wake wote wameiiga. Kabla ya kupanga mabomba hufunga milango na madirisha, kisha hutundika unyuzi wa pamba kwenye kijiti na kukaa kimya akiutazama. Pamba hiihii ya kwetu. Unyuzi humwonyesha hewa inapopita.

Sasa niwaeleze habari ya Geita, maana nilikuwepo.

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa kumi, mnunuzi wa dhahabu aitwaye Jilala alituita tumfungie mfumo wa kanda nne kwenye nyumba yake mpya. Kiwanja kile zamani kilikuwa machimbo. Wachimbaji walipohama walifanya kama wanavyofanya wengi: mdomo wa duara, yaani lile shimo la kuchimbia, ukazibwa kwa magogo na viroba, kifusi kikamwagwa juu, pakasawazishwa, pakauzwa. Kila mtu Geita anajua hivyo, na kila mtu anajenga.

Kanda tatu zilikubali. Ya nne, chumba cha mama yake Jilala, Bibi Limi, ilikataa. Nje jua linachoma, mafundi wanatokwa jasho, bibi kajifunika blanketi. Mashine inasukuma joto humo, kidhibiti kinasoma baridi. Mzee alidhani ni dampa mbovu. Akaibadilisha, wakarudi Shinyanga. Wiki haikuisha tukaitwa tena, na safari hiyo nilipanda gari nao kupeleka vipuri.

Mzee alitundika pamba yake. Chumba kimefungwa kote, feni imezimwa, lakini unyuzi ukalala upande, ukaelekea chini ya kitanda kama unaovutwa na kidole. Tukangoja. Ukasimama. Kisha taratibu ukaanza kupanda juu, na baridi ikatugusa miguuni, yenye harufu ya udongo mbichi. Ukashuka tena. Jamani, sakafu ile ilikuwa inapumua. Niliishika rozari yangu mfukoni.

Mzee akatoka akamwambia Jilala kwamba chini ya chumba kuna duara iliyo wazi, watu watoke nyumba nzima leo, mvua haziko mbali. Jilala akachukia.

"Fundi, nimekuita uweke joto, sikukuita kuagua!"

"Mimi siagui, bwana. Mtoe mama."

"Mtoe wewe basi. Mimi kanishinda. Hata chakula anataka aletewe humo."

Na kweli bibi alikataa. Kukaa kwake kitandani hakukuwa kwa ugonjwa. Mwanawe wa kwanza, Herman, alishuka duarani maeneo hayohayo zamani na hakupanda tena, wala mwili haukupatikana. Bibi alituambia bila machozi kwamba kila mchana, baridi ikipanda, kuna mtu anamwamkia kutoka chini. "Mwadila," anasema, salamu ya mchana ya Kisukuma. Naye huitikia. Salamu haiachwi chini.

"Nikiondoka, nani atamwitikia?" akauliza.

Nilitegemea Mzee amwambie ni upepo tu. Hakusema hivyo. Alipiga goti, akasema, "Nitaitikia mimi, mama. Wewe nenda kwa jirani ukanywe uji." Bibi akanyoosha mkono ashikwe. Jilala mwenyewe ndiye aliyembeba.

Mzee akakaa peke yake kwenye kigoda. Mimi nilibaki koridoni, mlango wazi, miguu haitaki kwenda mbele wala nyuma. Pamba ikapanda. Mzee akasema, "Mwadila." Akanyamaza kama anayesikiliza. Akasema, "Mhola," yaani salama. Kisha akageuza shingo polepole, kama mtu anayemsindikiza mgeni kwa macho hadi mlangoni, na mlangoni nilisimama mimi. Baridi ikanipita begani. Akainuka, akatoka, akafunga mlango.

Jioni hiyo mvua ya kwanza ilinyesha na sakafu ya chumba kile ikaenda chini na kitanda chake. Jilala alitupa jiwe kwenye lile shimo. Hatukulisikia likifika. Akakaa kwenye matope akilia, akimwita mama yake, naye mama yuko kwa jirani na kikombe cha uji mkononi.

Njiani kurudi Mzee aliniuliza swali moja tu: "Theopista, wewe hukusikia?" Nikasema sikusikia. Akashusha pumzi, akaomba tusali rozari. Tulisali mpaka Kahama.

Mzee Sostenes, asante kwa kazi ya mikono yako na kwa vijana uliowafundisha. Mungu akupe uzee wenye afya, na ng'ombe wako wa Ushirombo wazaliane.

Sherehe ni Jumamosi tarehe 28 hapa karakana. Bibi Limi yu hai na ataletwa na Jilala. Ameomba aketi karibu na Mzee, anataka kumuuliza kama Herman aliaga alipotoka. Nilipompelekea Mzee ujumbe huo akasema, "Aje. Nitamwambia."

Nanyi mnaokuja, tafadhali nijibuni mapema.