Chano Si Mizani ya Damu

Sikilizeni, wanangu, na mnisogelee, maana sauti imebaki ndogo kuliko mimi mwenyewe, na nyote mwajua nilivyo: nikisimama sipiti kwapa la marehemu mume wangu. Nyumba hii ya Kibokoni sina la kuiusia, mirathi ina sharia yake na kadhi yupo. Bangili zangu zimo ndani ya thuluthi yangu ninayoruhusiwa kuusia, nitasema ni za nani nikishalitoa la moyoni.

Katika ukoo wa mume wangu Khubaib, watu warefu wote, mtoto akitimiza arobaini hulazwa ndani ya chano, kile cha mti cha kupakulia pilau, na visigino vikigusa ukingo wanawake hupiga vigelegele. Jamaldin mwanangu, wewe ulibaki katikati kama kipande cha nyama kilichosazwa na wageni. Wifi yangu Ummukulthum, usiangalie dirishani, ni wewe uliyesema mbele ya watu, "Huyu si damu yetu." Niliumia, wallahi niliumia, mpaka Khubaib akainuka, akambeba mwanawe, akasema yeye aijua nyumba yake. Nikanyonyesha. Usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima: Jamaldin hakutimiza miaka miwili ila amewapita wana wa wifi wote, na leo haingii mlango huu bila kuinamisha kichwa. Nimekusamehe zamani, wifi, lakini raha ya kumtazama akiingia sijaiacha, wala siiachi.

Juzi nimemuuliza daktari wa watoto, akanieleza kwamba tumboni mtoto hukua kwa kadiri ya nafasi ya mamake, na mwanamke mfupi aghalabu huzaa mtoto mdogo hata mumewe akiwa mnara. Akishatoka, urithi wa baba na wa mama hujionyesha, mmoja akapunguza mwendo, mwingine akaukaza, kila mtu akafuata kimo alichoandikiwa.

Basi wewe Shukri, mjukuu wangu, umemlaza bintiyo kwenye chano hicho hicho, ukaona hakujaa, ukasikiliza minong'ono ya jamaa, ukamrudisha mkeo Lamis kwao Majengo. Kwani ulipomuoa hukuona kuwa ni mfupi mwenzangu? Kumsingizia mwanamke mwema ni dhambi nzito, na mtoto akikosa jina la babake hukosa mgongo wa kuegemea. Nimemwita mimi, yuko hapa miguuni pangu na mwanawe, na siondoki duniani na jambo hili likiwa bado.

Nausia hivi. Chano kibaki cha pilau. Mtoto anyonye ashibe, apimwe kliniki, maana mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Bangili ni za Lamis, na asiulizwe.

Sasa Shukri, vuka mkeka umpokee mwanao. Usimtazame bibiyo Ummukulthum, nitazame mimi. Mwombe mkeo radhi, tusikie sote... Ahaa. Shika shingo, hivyo hasa. Amekukamata kidole, na hakiachi. Nimeshinda, wanangu, mara ya pili nimeshinda, na wewe wifi, hata wewe wapiga vigelegele! Alhamdulillahi.

Mungu awakuze katika heri, awakinge na hasadi, awape kizazi kinachopendana... Nipeni maji kidogo. Pumzi zinakatika, msilie, nina furaha. Jamaldin, njoo nikubusu kipaji cha uso. Inama, baba. Inama tena... mamako hakufikii.